Jaribio la Arobaini na Moja

Walimzika Fundi Mihayo huko Goweko, siku ya Jumamosi, na wasifu wake ukasomwa kwa muda usiozidi dakika mbili. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa reli kama fundi wa ishara, akapunguzwa kazini, akajiajiri mjini Tabora. Alikuwa mcheshi na alipenda sana kompyuta. Basi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mikono mapajani, nikahisi shingo inapata moto. Alipenda kompyuta! Kama mtu anavyopenda karanga. Simlaumu katekista aliyesoma. Alisoma karatasi aliyopewa. Namlaumu aliyesimama baada yake, Bwana Festo, aliyekuja na gari kutoka Dar es Salaam, akapewa kipaza sauti kwa sababu alivaa suti, akasema, "Huyu mzee tulijenga naye mambo makubwa." Tulijenga naye. Watu wakaitikia kwa heshima. Mimi nikainuka nikaenda kuwasaidia akina mama kuosha sahani, maana ningebaki pale ningesema neno lisilofaa msibani. Nalisema hapa, na nitajitaja mwenyewe pia, kwa kuwa katika ubaya uliofanyika mwaka ule mkono wangu ulikuwamo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuoni na stashahada ya kompyuta na viatu vya kisigino nilivyodhani vinahitajika kazini. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya baiskeli la Mama Kanchan, mjane aliyezaliwa Tabora, ambaye babu yake alifika na reli ikijengwa. Tulitenganishwa na duka kwa ukuta wa mbao nyembamba, hivyo kutwa nzima tulisikia watu wakibishana juu ya minyororo, spoki na matairi, na harufu ya mpira mpya ilituganda hadi kwenye nywele. Meza yetu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Juu yake palikuwa na kompyuta mbili kubwa za mtumba, na ukutani, kimening'inizwa kwa waya, kikasha kidogo cha plastiki nyeupe, kipana kama kiganja. Saa saba tulikula karanga na matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa alivyoletewa Fundi kutoka kwao, na masika yakiingia tulikula uyoga wa porini. Alhamisi Mama Kanchan alipitisha sufuria ya dengu na chapati juu ya ukuta, hakupita mlangoni, akisema, "Haya, watu wa mashine, kuleni kabla hamjageuka mashine wenyewe."

Kazi yetu ilikuwa kutunza programu iliyoandikwa kwa lugha ya C, programu huria, yaani msimbo wake uko wazi mtandaoni na mtu yeyote anaweza kuusoma, kuutumia au kupeleka marekebisho. Watu wa nchi mbalimbali waliuandika kwa kujitolea. Shirika la akina Bwana Festo, ambaye alikuwa mratibu, lilikuwa limeuchukua ili uwekwe kwenye vile vikasha vyeupe, navyo vikafungwe kwenye friji za chanjo katika zahanati za vijijini. Kikasha kina waya wenye kipima joto unaoingia ndani ya friji. Kila saa kinaandika joto, na friji ikiganda au ikipata joto kinapiga kelele. Sisi hatukuandika programu hiyo. Sisi tulitunza maagizo yanayoiambia kompyuta namna ya kuijenga, kuunganisha vipande vyote hadi iwe kitu kinachofanya kazi, na tulitunza majaribio yake. Yalikuwa arobaini, kisha likaongezeka moja. Kila alasiri mashine zilijenga programu upya na kuyapitisha majaribio yote, moja baada ya jingine, na kila lililofaulu lilitoa mstari wa kijani.

Siku ya kwanza nilimuuliza, "Fundi, kama programu inafanya kazi, tunajaribu nini kila siku?"

Hakucheka. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivua miwani kila alipotaka kusema jambo la maana. "Vero, nimekaa reli miaka kumi na tisa. Taa ya kijani haiwashwi kwa sababu stesheni masta anapenda kijani. Inawaka kwa sababu kuna mtu ameshuka, ametembea, ameona njia ni nyeupe. Sisi ndio tunaoshuka."

Niliona ni maneno ya mzee aliyekosa kazi nzuri. Ndivyo nilivyokuwa. Nilitaka kuandika programu, si kukagua za wenzangu, na wenzangu wa chuo waliokuwa Dar waliponiuliza nafanya nini, nilisema "mhandisi wa programu" na kubadilisha mazungumzo. Leo nikisikia vijana wakisema majaribio ni kazi ya wasiojua kuandika, natamani niwashike masikio.

Vile vikasha ndivyo vilivyoleta balaa, na balaa lenyewe nitalieleza kwa lugha ya kawaida kwa sababu wengi walijificha nyuma ya ugumu wake. Katika C kuna chombo kidogo cha kuwekea namba. Kwenye kompyuta kubwa kama zile za mezani, chombo hicho kinaweza kubeba namba zilizo juu ya sifuri na zilizo chini yake. Kwenye prosesa ya kikasha chombo hichohicho, chenye jina lilelile, hakijui kitu kinachoitwa chini ya sifuri. Ukikipa hasi tatu, kinakurudishia mia mbili hamsini na tatu. Aliyeandika programu aliijaribu kwenye kompyuta kubwa tu, akaona iko sawa. Kwenye kikasha, friji ikiganda, programu ilipata mia mbili hamsini na tatu, ikafikiri waya umeteleza, ikaitupa namba hiyo na kurudia kuandika ile ya mwisho iliyoeleweka. Chanjo nyingine zikiganda zinakufa. Ukiziyeyusha zinafanana na nzima, unamchoma mtoto, mama anakwenda nyumbani akiamini mwanawe amekingwa. Na kikasha, kilichowekwa pale mahususi kwa ajili ya jambo hilo, kingekaa kimya.

Fundi Mihayo aligundua haya wiki ile kikasha cha kwanza kilipofika. Alikifunga ukutani, akaandika jaribio jipya, la arobaini na moja, linaloipa programu hasi tatu na kusubiri kelele. Kompyuta kubwa zikapiga kelele. Kikasha hakikupiga. Mstari mwekundu, mmoja, chini kabisa ya mistari arobaini ya kijani. Dawa yake ilikuwa neno moja. Unaongeza neno moja mbele ya jina la chombo, nacho kinajua hasi popote kilipo. Aliliandika, akalipeleka kwa Bwana Festo asubuhi ileile.

Jibu lilikuja baada ya siku sita. Msimbo umeshafungwa, lilisema. Wakaguzi wameshauidhinisha kama ulivyo, na ukiguswa hata herufi moja itabidi uidhinishwe upya, nayo ni miezi. Rekebisho litaingia toleo lijalo. Fundi akajibu kwamba toleo lijalo halitamsaidia mtoto wa toleo hili. Walijibizana hivyo majuma mawili, na kila alasiri ule mstari mwekundu ulirudi, na shirika halikuweza kutoa toleo kwa sababu sharti lao wenyewe lilisema majaribio yote yapite.

Kisha Fundi akaugua malaria akaenda kwao Goweko kuuguzwa, nikabaki peke yangu. Siku ya tatu simu ikalia.

"Dada Vero, mambo? Festo hapa. Nasikia wewe ndiye unayeendesha mitambo siku hizi."

Nikavimba kichwa. Nikasema, "Najitahidi, kaka."

"Sasa sikiliza. Hatugusi msimbo, sawa? Umefungwa. Lakini maagizo ya kujenga hayajafungwa. Ongeza mstari pale, useme kwenye vikasha jaribio la arobaini na moja lirukwe. Lirukwe tu, halifutwi. Ni la muda."

"Fundi Mihayo atasemaje?"

"Mzee anaumwa, tusimsumbue. Na kuna nafasi Dar, tunatafuta mtu anayeelewa mambo haraka. Nimekutaja."

Nitasema kweli: sikuchelewa hata dakika kumi. Niliandika mstari ule, nikaupeleka kwa jina langu, na alasiri ile skrini ikawa ya kijani juu hadi chini. Nilikuwa nimeelewa kabisa jaribio lile linakagua nini. Watu wanapenda kusema walikuwa wadogo, hawakujua. Mimi nilijua. Toleo likatoka kesho yake na Bwana Festo akatuma barua ya pongezi kwa timu nzima, jina langu likiwa la pili. Niliisoma mara nyingi.

Fundi alirudi baada ya wiki, amekonda, akanywa maji, akawasha kompyuta. Nilikuwa namenya karanga. Nilimsikia akiacha kubofya.

"Vero."

"Bee."

"Huu mstari umeandika wewe?"

"Niliambiwa na Bwana Festo. Ni wa muda."

Alivua miwani akaifuta kwa shati, muda mrefu. Nilisubiri anifokee, ningefokewa ningepata la kujitetea. Alisema tu, "Ungesubiri nife kwanza," akauondoa ule mstari. Kabla ya jioni Dar waliurudisha, na wakamwondolea ruhusa ya kubadilisha chochote. Barua yao ilikuwa ya adabu. Ilimshukuru kwa mchango wake na kumkumbusha kwamba jukumu lake lilikuwa majaribio, si maamuzi. Mtu aliyetumikia miaka yote ile kuhakikisha magari moshi mawili hayagongani aliambiwa na kijana wa suti kwamba usalama si jukumu lake. Akaendelea kuja kila siku. Kikasha cha ukutani alikijengea programu yake pembeni, yenye lile neno moja, akakiacha kikifanya kazi vizuri pale ambapo hakuna friji.

Kipupwe kikaingia, upepo wa Juni unaokausha midomo, na vikasha vilikuwa vimeshafungwa zahanati kadhaa. Siku moja, tukiwa tunakula, tukasikia upande wa pili wa ukuta sauti ya mwanamume akimsimulia Mama Kanchan, akisubiri kufungiwa tairi.

"Ni dada yangu Adela, yule nesi wa zahanati kule ng'ambo ya Kigwa. Wanamfukuza kazi, mama."

"Kwa lipi tena? Adela yule mpole?"

"Alikuta vichupa vya chanjo vibovu. Akavitikisa, dawa ikazama chini kama unga. Akasema hizi ziliganda, sichomi mtoto. Akina mama waliotembea toka alfajiri akawarudisha. Wakubwa wakaja na karatasi ya kompyuta, imeandika moja, moja, moja, usiku mzima, haikuganda hata kidogo. Wakamwambia basi wewe ndiye uliyezilaza kwenye barafu kwa uzembe wako, unaisingizia friji. Anasema friji yenyewe asubuhi ilikuwa na utando wa barafu. Wanamwambia kompyuta haidanganyi."

Mama Kanchan akasema, "Kompyuta haina mama wa kuiaibisha, kwa nini isidanganye?"

Nilirudisha kipande cha tobolwa kwenye sahani. Fundi Mihayo alikuwa ameinama juu ya sahani, hatafuni. Sikuweza kumtazama. Nimepita mengi tangu hapo, nimezika wazazi, lakini sijawahi kukaa kwenye kiti kilichoniunguza kama kile. Halafu akanyanyuka, akatoka, akazunguka mlango wa mbele, nikamsikia akimuuliza yule bwana, "Ndugu yangu, hicho kikao chake ni lini?"

Kilikuwa Jumatano, katika chumba cha mikutano cha shirika jingine, wenye zahanati, hapohapo Tabora mjini. Tulikwenda kwa bajaji na kompyuta moja kubwa, kikasha kipya chenye toleo lilelile la Dar, na beseni la barafu kutoka kwenye friza la Mama Kanchan, likiwa limefunikwa kwa gunia. Nesi Adela alikuwa amekaa kwenye benchi ya korido, sare imepigwa pasi hadi inang'aa, mkononi kipima joto cha kioo alichokuja nacho mwenyewe. Hakutujua. Fundi akamsalimu kwa Kinyamwezi, akamweleza kwa maneno machache, naye akasikiliza bila kupepesa. Kisha akaniuliza mimi, "Kwa hiyo mlijua?" Nikainama kurekebisha gunia juu ya barafu.

Kamati ilikuwa ya watu watatu na haikutaka kutupokea. Mwenyekiti, mama mmoja mnene mwenye sauti ya ualimu, alisema hili ni suala la nidhamu, si maonyesho ya kompyuta. Fundi akasema, "Mheshimiwa, mnamhukumu mtu kwa ushahidi wa kikasha. Hata shahidi wa mahakamani huulizwa maswali. Naomba tukiulize hiki maswali robo saa tu." Nadhani ni neno shahidi lililompata. Akatupa robo saa.

Tulimwaga chumvi kwenye barafu, maana barafu yenye chumvi hushuka chini ya sifuri. Nilikiagiza kikasha kipime kila dakika. Nesi Adela akafunga kipima joto chake pamoja na waya wetu kwa uzi, akavitumbukiza ndani ya beseni. Skrini ikaandika ishirini na tatu. Kumi na moja. Nne. Kisha nne. Nne tena. Nesi Adela akawa anasoma cha kwake kwa sauti, "Hasi mbili. Hasi nne. Hasi tano, mheshimiwa, njoo uone mwenyewe." Mwenyekiti akainuka, akainama juu ya beseni akiwa ameshikilia mkufu wake usizame. Nne, ikaandika skrini. Nne.

"Na hakuna mtu aliyelijua hili kabla ya kuvigawa?" akauliza.

 Fundi Mihayo angeweza kusema yote; barua zake zilikuwa kwenye bahasha mezani. Hakunitazama wala hakunisukuma. Nilisikia feni ya dari ikigonga, nikasema, "Lilijulikana. Kulikuwa na jaribio la kulikamata. Mimi ndiye niliyeandika mstari wa kuliruka, jina langu liko pale, mtu yeyote anaweza kulisoma."

"Kwa nini, binti?"

"Niliahidiwa kazi Dar es Salaam."

Mmoja wa wanakamati akaguna. Nesi Adela alinigeukia, na sikuona huruma usoni mwake, na sikustahili kuiona. Alisema polepole, "Siku ile nilirudisha akina mama thelathini. Wengine walinitukana. Nilikuwa nalia huku natikisa vichupa, najiuliza labda ni mimi ninayekosea, maana mashine inasema hivi na macho yangu yanasema vile." Akafungua uzi, akafuta kipima joto chake, akakirudisha kwenye ala yake.

Walimfutia mashtaka siku hiyohiyo. Barua ya kumsimamisha ilichukua miezi miwili kuondolewa kwenye faili lake, na hakuna aliyemwomba radhi. Walimwandikia kwamba suala lake "limehitimishwa". Vikasha vilikusanywa kimyakimya kwa kisingizio cha matengenezo. Lile neno moja likaingia, na ule uidhinishaji wa miezi ukapatikana kwa siku tisa, baada ya kamati kuandika barua. Siku tisa! Na rekebisho liliingizwa kwa jina la Bwana Festo. Nenda ukaangalie, liko pale hadi leo, jina lake, pongezi chini yake kutoka kwa watu wa nchi tano. Fundi Mihayo hakurudishiwa ruhusa yake. Nilipomwambia aandike kulalamika alisema, "Neno limeingia. Kubishania jina nitamwachia mwenye nafasi." Mimi sikukubali wakati ule na sikubali sasa. Upole wa watu kama yeye ndio unaowavisha suti wengine.

Jambo moja tu alinishurutisha. Wiki ile baada ya kikao aliniita mezani, akasema, "Ule mstari wako bado uko kwenye maagizo. Jaribio bado linarukwa. Andika kuuondoa, na pale pa kueleza sababu, eleza." Sikuwa na ruhusa ya kuuondoa, lakini kwenye programu huria yeyote anaweza kupeleka pendekezo mbele ya watu wote, na likishapelekwa halifichiki. Nikaandika, "Kusafisha maagizo ya kujenga." Akasoma, akatikisa kichwa. Nikaandika, "Kurudisha jaribio lililorukwa kwa makosa." Akaniuliza, "Yalikuwa makosa?" Mara ya tatu niliandika kwamba nililiruka jaribio hili nikijua linachokagua, kwa kuahidiwa kazi, na kwamba nesi mmoja karibu afukuzwe kwa sababu hiyo.  Akavaa miwani yake, akasoma hadi mwisho, akasema, "Peleka."

Natunza majaribio hadi leo, ya programu nyingine, na nina vijana wanne chini yangu. Mwaka juzi nilifanya usaili wa kazi kubwa, ya kampuni ya nje, na watu watatu kwenye skrini. Mmoja wao alikuwa amechimba historia yangu mtandaoni. Akanisomea maneno yale, kwa upole kabisa, kisha akasema huenda ningependa kuwaomba wenye mradi wayafute. Alisema niliyaandika nikiwa mdogo, siku hizi mambo hayo hufanyika, yananiharibia jina.

Nilimwambia asome tena lile jina, ni langu, na yale niliyoyaeleza niliyatenda, kwa hiyo yabaki.